Mchungaji wa Kokkola na Biashara Huria: Maisha na Kazi ya Anders Chydenius

Kabla ya zama za meli za chuma, dola isiyokuwa na lami ya miti haikuwa na jeshi la majini. Mbao za meli zilipakwa lami ili zisioze, kamba za matanga zililowekwa ndani yake, na mianya kati ya ubao na ubao ilizibwa kwa katani iliyochovywa katika lami hiyo, kwa namna ambayo wasomaji wa pwani wanaojua kazi ya kutia jahazi kalafati na kulipaka sifa, yaani mafuta ya samaki, wataielewa bila maelezo marefu. Katika karne ya 17 na ya 18 lami nyingi iliyotumiwa na meli za Ulaya ya magharibi ilitoka katika misitu ya misonobari ya Ostrobothnia, eneo la magharibi mwa Ufini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Bidhaa hiyo iligombewa na mataifa yenye nguvu kuliko yote baharini, lakini wakulima walioizalisha walibaki maskini. Swali la kwa nini ilikuwa hivyo ndilo lililomtoa mchungaji msaidizi wa usharika mdogo wa mashambani, Anders Chydenius, na kumfanya mmoja wa watetezi wa kwanza wa biashara huria katika Ulaya.

Mtu akiulizwa fundisho la biashara huria lilianzia wapi, jibu la haraka ni Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, na kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa. Jibu hilo si baya, lakini limezoesha watu kuiona biashara huria kama fundisho lililobuniwa na maprofesa na kupokewa kwa furaha na wenye viwanda. Miaka 11 kabla ya kitabu cha Smith kutoka, Chydenius alichapisha Stockholm kijitabu chembamba chenye hoja zinazokaribiana mno na za Smith, naye aliziandika akiwa upande wa mchoma lami, mkulima asiye na ruhusa ya kuuza mazao yake anakotaka, na kijakazi aliyepangiwa mshahara na serikali. Makala hii inamweleza mtu huyo na kazi yake kwa sababu, kwa maoni yangu, anayetaka kuufahamu mjadala wa ushuru, leseni na ukiritimba hana budi kujua kwamba hoja ya kuviondoa vizuizi ilitolewa mapema sana na watu waliokuwa wakiumizwa navyo.

Chydenius alizaliwa tarehe 26 Februari 1729 huko Sotkamo, mashariki mwa Ostrobothnia, ambako baba yake, Jacob Chydenius, alikuwa mchungaji msaidizi wa Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1734 familia ilihamia Kuusamo, kaskazini zaidi, karibu na nchi ya Wasami, mahali ambapo baridi ingeweza kuua mazao usiku mmoja na ambapo chumvi, chuma na nafaka ya akiba vilifika kwa taabu kutoka miji ya pwani. Alisoma Oulu, kisha mwaka 1745 akaingia Chuo Kikuu cha Turku, na kwa muda fulani alisoma pia Uppsala. Miongoni mwa walimu wake Turku alikuwepo Pehr Kalm, mwanasayansi wa mimea aliyekuwa amerudi kutoka safari ndefu ya Amerika ya Kaskazini, na tasnifu ambayo Chydenius aliitetea mbele yake mwaka 1753 ilihusu mitumbwi ya magome ya miti ya wenyeji wa bara hilo. Inaweza kuonekana mada ya ajabu kwa mchungaji mtarajiwa, lakini inafaa kuikumbuka, maana huyu alikuwa mtu wa kutazama kwanza kitu kinavyofanya kazi, ndipo akitolee maoni.

Mwaka huo huo wa 1753 alipewa kazi ya mchungaji msaidizi huko Alaveteli, ndani kidogo kutoka mji wa pwani wa Kokkola, na miaka miwili baadaye alimwoa Beata Magdalena Mellberg, binti wa mfanyabiashara wa Pietarsaari. Hawakujaliwa watoto. Kwa karibu miaka 17 aliyokaa Alaveteli alihubiri, alikausha vinamasi akavigeuza mashamba, alijaribu mazao mapya kama viazi na tumbaku, alitengeneza dawa, na aliwachanja watu dhidi ya ndui kwa njia ya hatari kiasi iliyotumika kabla ya chanjo ya kisasa kugunduliwa. Aliandika pia kuhusu namna ya kuboresha mikokoteni na jinsi ya kupambana na kuvumwani iliyosonga malisho. Mtu anayesoma maandishi yake ya uchumi bila kuyajua hayo atashangaa anapata wapi ujasiri wa kujadili bei ya chumvi kwa undani namna ile. Aliupata kwa waumini wake.

Lami yenyewe ilitengenezwa kwa kazi ya miaka. Mkulima alikwenda msituni akabandua gome la msonobari sehemu kwa sehemu, akaacha ukanda wa gome upande mmoja ili mti usife mara moja, kisha akarudi mwaka uliofuata na mwingine kuendelea kubandua, hadi mti ukajaa utomvu kwenye jeraha lake. Ndipo alipoukata, akaupasua vipande vyembamba, akavikausha na kuvipanga katika shimo pana lenye umbo la faneli, akalifunika kwa udongo na majani na kulichoma polepole kwa siku kadhaa, huku watu wakilinda usiku na mchana moto usilipuke. Lami ilichuruzika hadi chini ya shimo na kupita katika bomba la mti mpaka kwenye pipa. Baada ya hapo mapipa yalipelekwa pwani, kwa mito yenye maporomoko au kwa sleji juu ya theluji, yakauzwa kwa wafanyabiashara wa Kokkola, Oulu, Vaasa na miji jirani.

Hapo ndipo sheria ilipoingilia. Miji ya ghuba ya Bothnia, kwa upande wa Ufini na upande wa kaskazini mwa Uswidi, haikuruhusiwa kuuza kitu nje ya ufalme. Meli zake zilitakiwa kupeleka shehena Stockholm au Turku, na hakuna meli ya kigeni iliyoruhusiwa kutia nanga katika bandari zake kununua. Amri hiyo, iliyokuwa na mizizi ya karne nyingi na ikakazwa katika karne ya 17, ilijulikana kama kifungo cha biashara cha Bothnia. Matokeo yake ni rahisi kuyaona kwa yeyote aliyewahi kupeleka mazao mahali penye mnunuzi mmoja. Mfanyabiashara wa Stockholm alijua kwamba pipa lililokwisha kufika kwenye gati lake haliwezi kurudi Ostrobothnia wala kwenda London, kwa hiyo bei aliipanga yeye. Na chumvi ambayo mkulima aliihitaji kwa samaki na nyama ya majira ya baridi ilimfikia kupitia mikono ile ile, pia kwa bei ya Stockholm. Mkulima alinyolewa anapouza, akanyolewa tena anaponunua. Na ndani ya nchi alikatazwa kufanya biashara kijijini kwake, kwa kuwa sheria ilitaka kununua na kuuza kufanyike mijini na kwenye masoko yaliyoidhinishwa.

Uswidi ilikwisha kupata funzo kuhusu mambo haya kabla Chydenius hajazaliwa, ingawa haikulitilia maanani. Kuanzia mwaka 1648 biashara ya lami ilikuwa, kwa vipindi tofauti, mikononi mwa kampuni ya Stockholm iliyopewa ukiritimba, na mwanzoni mwa karne ya 18 kampuni hiyo ilitaka kuwauzia Waingereza kwa masharti yake na kwa meli zake tu. Bunge la Uingereza lilijibu kwa sheria ya mwaka 1705 iliyotoa bakshishi ya pauni 4 kwa kila tani ya lami iliyotoka katika makoloni yake ya Amerika, na ndani ya kizazi kimoja sehemu kubwa ya lami ya Uingereza ikawa inatoka huko. Mwenye ukiritimba aliyedhani ameushika mkono wa mnunuzi alimfundisha mnunuzi huyo kutafuta duka jingine, na hasara ikamwangukia mchoma lami ambaye hakuulizwa lolote.

Chydenius alilisema jambo hili hadharani mara ya kwanza katika mkutano uliofanyika Kokkola mwaka 1763, ambako alidai miji ya Bothnia ipewe haki ya kusafiri na kuuza nje moja kwa moja. Miaka miwili baadaye wachungaji wa ngazi ya chini wa Ostrobothnia walimtuma Stockholm kuwawakilisha katika Bunge la Matabaka, ambalo lilikuwa na mabaraza manne: la makabaila, la makasisi, la watu wa mijini na la wakulima. Uswidi ilikuwa katika kipindi kinachoitwa Zama za Uhuru, kati ya 1719 na 1772, ambapo mfalme alikuwa na mamlaka madogo na nguvu zilikuwa bungeni, zikigombewa na vyama viwili: Hattar, maana yake Kofia, ambao walitawala tangu mwishoni mwa miaka ya 1730 na kumwaga ruzuku nyingi katika viwanda vya nguo na meli, na Mössor, ambao jina lao la utani lilitokana na kofia za kulalia. Bunge la 1765 lilianza kwa Mössor kuwaondoa Hattar madarakani, na Chydenius alikuwa upande wa washindi. Alikuwa na umri wa miaka 36, hana cheo, na hana mtu wa kumlinda.

Mwaka huo mmoja aliandika mfululizo wa vijitabu. Cha kwanza kilizijibu hoja za Stockholm dhidi ya uhuru wa bandari za Bothnia. Cha pili, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Chanzo cha unyonge wa dola”, kilishambulia kitu kikubwa zaidi, nayo ni amri ya mwaka 1724 iliyozikataza meli za kigeni kuleta Uswidi bidhaa yoyote isiyotoka katika nchi ya meli hiyo yenyewe. Amri hiyo ilikuwa fahari ya wenye meli wa Uswidi na ilifuata mfano wa sheria za Uingereza za usafiri wa baharini. Chydenius alieleza kwamba kwa sababu yake chumvi imekuwa haba na ghali, kwa kuwa Mholanzi aliyeweza kuileta kwa nauli ndogo kutoka kusini mwa Ulaya alifungiwa mlango, na kwamba faida yote ilikwenda kwa kikundi kidogo cha wenye meli wakati gharama ilibebwa na kila jiko la nchi. Kijitabu kile kiliwaudhi watu wakubwa sana, na majibu yalichapishwa upesi dhidi yake. Naona hapo ndipo kipaji chake kinapoonekana: hakuishia kusema amri ni mbaya, alifuata nauli, bei na shehena hatua kwa hatua mpaka msomaji akamwona kwa macho yake nani analipa na nani anapokea.

Katika suala la bandari alishinda. Bunge lilizipa Kokkola, Oulu, Vaasa na Pori haki ya kufanya biashara na nchi za nje. Amri ya 1724, kwa upande mwingine, ilibaki.

Kijitabu kilichompa jina la kudumu ni cha tatu, Den nationnale winsten, yaani “Faida ya taifa”, kilichopigwa chapa Stockholm na Lars Salvius mwaka huo wa 1765. Kina aya 31 fupi zenye namba. Chydenius anaanza kwa kukubali lugha ya wapinzani wake. Wanauchumi wengi wa zama hizo waliamini kwamba utajiri wa nchi ni ziada inayobaki pale thamani ya bidhaa zinazouzwa nje inapozidi thamani ya zile zinazoingizwa, na kwamba kazi ya serikali ni kuiongeza ziada hiyo kwa kupiga marufuku, kutoza ushuru na kulipa ruzuku. Yeye anasema: haya, tuipime faida ya taifa kwa kipimo hicho hicho. Kisha anauliza ni nini hasa kinachoongeza bidhaa za nchi, na anajibu kwamba ni wingi wa wafanyakazi na bidii yao, pamoja na wao kuwa katika kazi ambayo thamani yake ni kubwa zaidi. Baada ya hapo swali linakuwa moja tu: nani anajua vizuri zaidi ni kazi ipi ambayo fulani angeifanya kwa faida kubwa, waziri aliye Stockholm au fulani mwenyewe?

Nichukue mfano wangu mwenyewe, kwa tarakimu za kubuni, ili hoja ieleweke. Tuseme watu 100 wanachoma lami, na kila mmoja kwa mwezi anatoa lami inayouzwa nje kwa sarafu 10. Serikali inaamua kwamba nchi yenye heshima lazima iwe na kiwanda cha nguo za hariri, na inatoa ruzuku ya sarafu 5 kwa kila mfanyakazi. Nguo ambazo mtu mmoja anaweza kufuma kwa mwezi zina thamani ya sarafu 6 sokoni, lakini kwa ruzuku mwenye kiwanda anapokea 11. Anawavuta watu wote 100 kutoka msituni, anatajirika, na kila mgeni anayetembelea mji anaonyeshwa kiwanda. Lakini thamani ya kazi ya watu hao imeshuka kutoka sarafu 1,000 hadi 600, na zile 500 za ruzuku hazikuzalishwa na yeyote, zimechukuliwa tu kwenye mifuko ya wakulima wengine. Taifa limepoteza 400 kila mwezi, na linapiga vigelegele. Hiki ndicho Chydenius alichokuwa akiwaeleza watu walioishi na viwanda vya ruzuku vya Hattar, na anaongeza kwamba kiwanda kinachohitaji bakshishi ya kudumu ili bidhaa zake ziuzike kinakiri chenyewe kwamba watu wake wangefaa zaidi mahali pengine.

Katika aya ya tano kuna sentensi ambayo wanahistoria wa uchumi huirejea mara kwa mara. Kwa maneno yangu, inasema kwamba kila mtu hutafuta kwa hiari yake mahali na shughuli ambayo kwayo anaweza kuongeza zaidi faida ya taifa, iwapo sheria hazimzuii. Anayesoma sentensi hiyo akiwa amemsoma Smith atasikia mlio wa “mkono usioonekana”, yaani wazo la Smith kwamba anayetafuta faida yake huwafaidi wengine bila kukusudia, miaka 11 kabla ya wakati wake. Hakuna ushahidi kwamba Smith aliwahi kukisoma kijitabu hicho, ambacho kilikuwa kwa Kiswidi na hakikupata tafsiri ya Kiingereza hadi mwaka 1931, na sipendi mtindo wa kugeuza jambo hili kuwa mashindano ya nani alitangulia. Smith alijenga nadharia pana ya bei, mshahara, mtaji na kodi. Chydenius hakuwa na nadharia ya namna hiyo na wala hakuidai. Hata kipimo chake cha faida ya taifa alikiazima kwa wapinzani, na mwanauchumi wa leo angekikataa, kwa sababu ziada ya biashara ya nje si sawa na ustawi wa watu. Nguvu ya Chydenius iko kwingine. Smith anamtazama mchinjaji na mwoka mikate na kueleza jinsi tamaa yao inavyomlisha jirani. Chydenius anamtazama mtu aliyefungwa mikono, anauliza nani aliyeshika kamba, na anataja anapata kiasi gani kwa kuishika.

Kwa hiyo ni makosa kumsoma kama rafiki wa wafanyabiashara wakubwa. Anarudia kwamba utajiri hujikusanya mikononi mwa wachache pale sheria inapowapa upendeleo, kama vile haki ya pekee ya kuuza, vyama vya mafundi vinavyozuia wapya kuingia katika kazi, na idadi ya wanagenzi iliyopangwa. Ushindani kwake ni dawa ya unyonyaji. Mtu anaweza kubishana naye, na historia ya viwanda ya karne iliyofuata inatoa sababu za kutosha za kubishana, kwani mali iliweza kujikusanya hata pale vizuizi vya kisheria vilipoondolewa. Lakini lazima abishane naye kwa alichosema.

Katika bunge hilo hilo aliifanya kazi ambayo Uswidi na Ufini zinaikumbuka hata kuliko uchumi wake. Alikuwa katika kamati ya uhuru wa uchapishaji, na sehemu kubwa ya hoja na rasimu zilizozaa sheria ya tarehe 2 Desemba 1766 zilitokana na kalamu yake. Sheria hiyo iliondoa ukaguzi wa maandishi kabla ya kuchapwa, isipokuwa maandishi ya dini, na iliwapa wananchi haki ya kuziona na kuzichapisha nyaraka za serikali. Ndiyo sheria ya kwanza ya aina yake duniani. Baadaye maishani Chydenius aliandika kwamba hakuna jambo alilolifanyia kazi kwa bidii katika bunge lile kama hilo. Uhusiano wake na biashara huria haukuwa wa bahati. Upendeleo wa kibiashara hudumu pale ambapo wanaoulipia hawaoni hesabu. Amri ya 1724 iliweza kusifiwa kwa miaka 40 kwa sababu bei ya chumvi ilijadiliwa vyumbani na wenye meli, na mchoma lami hakuwa na njia ya kuuliza. Kwa Chydenius, kalamu iliyoachwa huru ilikuwa chombo cha ukaguzi wa hesabu.

Uhuru huo ulimgharimu kabla wino wa sheria haujakauka. Hattar walikuwa wamechapisha noti za benki kugharimia vita na ruzuku, na thamani ya noti ilikuwa imeporomoka. Mössor, chama chake mwenyewe, waliazimia kuirudisha thamani hiyo polepole hadi kiwango cha zamani kwa kupunguza noti zilizokuwa katika mzunguko. Ilionekana kuwa haki, ahadi ya zamani ilipwe kama ilivyoandikwa. Chydenius aliona kitakachotokea: bei zitaporomoka, mkulima aliyekopa noti nyepesi atatakiwa kulipa kwa noti nzito, na wenye viwanda na wafanyabiashara watafilisika kwa makosa yasiyo yao. Alichapisha mwaka 1766 kijitabu kingine, “Msaada kwa dola kwa njia ya mfumo wa fedha wa asili”, akishauri thamani ya noti isimamishwe pale ilipokuwa. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha uamuzi, na kuupinga kwa maandishi kulihesabiwa kuwa dharau kwa matabaka. Wachungaji wenzake walimwondoa bungeni. Alirudi nyumbani akiwa ameshindwa, katika mwaka ule ule ambao baba yake alifariki.

Uamuzi wa Mössor ulitekelezwa, mikopo ikakauka, biashara zikaanguka, na chama hicho kikapoteza madaraka katika bunge la 1769. Mwaka 1776 serikali ya mfalme Gustav wa Tatu ilirekebisha fedha kwa kukubali kwamba thamani iliyopotea imepotea. Chydenius hakuombwa radhi na mtu yeyote, ila mwaka 1770 alipewa nafasi aliyowahi kuishika baba yake, ya uchungaji mkuu wa Kokkola, na huko alikaa hadi mwisho wa maisha yake.

Alirudi bungeni mwaka 1778, mara hii chini ya mfalme mwenye nguvu, kwani Gustav alikuwa ameyapindua mamlaka ya bunge mwaka 1772 na kuubana uhuru wa uchapishaji miaka miwili baadaye. Alitetea haki ya wageni wa dini nyingine kuabudu kwa uhuru nchini Uswidi, jambo lililowakasirisha makasisi wengi na kumpendeza mfalme, na amri ya uvumilivu wa dini ilitolewa mwaka 1781. Lakini kwa mada yetu muhimu zaidi ni kijitabu cha 1778 kuhusu haki za asili za mabwana na watumishi. Sheria ya wakati huo ilimtaka mtu asiye na ardhi wala ufundi unaotambuliwa awe katika utumishi wa bwana fulani kwa mwaka mzima. Asiyekuwa na bwana alihesabiwa mzururaji na angeweza kupelekwa jeshini au kwenye kazi za shuruti. Mishahara ilipangwa na mamlaka, na idadi ya watumishi ambao mkulima angeweza kuwaajiri iliwekewa mpaka. Wenye mashamba walikuwa wakilalamika kwamba watumishi wamekuwa haba na wajeuri, wakataka sheria ikazwe. Chydenius alitumia hoja ile ile ya lami. Mtumishi, alisema, ana bidhaa moja tu, nguvu za mikono yake, na sheria inayompangia nani ainunue na kwa bei gani inamnyang’anya mali yake sawasawa na ile iliyompangia mchoma lami auze Stockholm. Aliwakumbusha waumini wenzake kwamba watumishi nao ni watu wa taifa hilo. Majibu yaliyochapishwa dhidi yake yalikuwa makali kuliko yale ya mwaka 1765, kwa kuwa safari hii hakuwagusa wenye meli wa mbali. Aliwagusa wakulima na wachungaji wa aina yake, watu waliokuwa na kijakazi jikoni.

Ninapofundisha habari zake, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Wapo wengi, zamani na sasa, wanaodai uhuru wa kuuza bidhaa zao huku wakitaka mishahara ya wanaowafanyia kazi ibaki imefungwa, na wapo wanaolaani ukiritimba wa wengine wakilinda wa kwao. Chydenius alikuwa mwajiri, mkulima na mchungaji mwenye usharika mkubwa, na kila moja kati ya nafasi hizo ingempa sababu ya kunyamaza.

Kokkola, kwa upande wake, ilineemeka. Katika miongo iliyofuata haki ya 1765, Kokkola ilikua kuwa mojawapo ya miji ya Ufini yenye meli nyingi za biashara, ikijenga vyombo vyake na kupeleka lami na mbao hadi bahari za mbali. Haki inataka tuseme pia kwamba bahati ilisaidia, kwani vita vya uhuru vya Marekani, kuanzia 1775 hadi 1783, vilikata lami ya makoloni na kuwarudisha Waingereza kwenye Baltiki. Hata hivyo bandari iliyofungwa isingeweza kuipokea bahati hiyo. Ingekwenda Stockholm kama ilivyokuwa desturi.

Bunge lake la mwisho lilikuwa la Gävle mwaka 1792. Miaka iliyobaki aliitumia kulea usharika, kuandika kuhusu kilimo na matatizo ya jimbo lake, na kupiga muziki pamoja na kikundi kidogo alichokikusanya nyumbani kwake. Alifariki Kokkola tarehe 1 Februari 1803, miaka sita kabla Uswidi haijaipoteza Ufini kwa Urusi. Mwaka 1986 Benki Kuu ya Ufini ilipotoa mfululizo mpya wa noti iliiweka sura yake kwenye noti ya marka 1,000, na mtu aliyefukuzwa bungeni kwa sababu ya kijitabu kuhusu thamani ya noti akawa anapita mikononi mwa wananchi kila siku, hadi marka yenyewe ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na yuro mwaka 2002.